Karatasi ya Polisi Kwanza

Muuguzi wa chumba cha mwisho pale hospitalini walimpachika jina la Mama Pole, maana neno hilo halimkauki mdomoni. Miaka kumi na mmoja anahudumia waliobakwa, na bado kuna watu wanaomwambia eti wanaokuja kule ni wasichana wa kuzurura ovyo. Thubutu! Angewaonyesha bibi wa miaka sabini, mke wa mwalimu, na yule mlinzi, mwanamume mzima, aliyekaa akitazama viatu vyake asubuhi nzima. Wengine hawalii kabisa. Mmoja alicheka mpaka akatapika. Na wengi wao wanamjua fika aliyewatenda.

Jumatano hiyo aliingia fundi cherehani, kashika karatasi ya polisi iliyokunjwa mara nne.

"Pole, mwanangu. Ilikuwa lini?"

"Jumamosi asubuhi. Ni shemeji yangu."

Mama Pole akahesabu kwa vidole chini ya meza, akarudia tena. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianzwe ndani ya saa sabini na mbili. Muda ulikwisha jana asubuhi.

"Mbona umechelewa hivi?"

"Sikuchelewa, mama. Nilikuja Jumamosi hiyohiyo. Pale dirisha la mapokezi wakasema bila karatasi ya polisi sitibiwi. Kule polisi fomu zimekwisha, njoo kesho, njoo kesho. Nimeipata jana jioni."

Mama Pole akatoka mbio hadi kwa karani wa mapokezi. Mara ngapi kamwambia dawa kwanza, polisi baadaye? Karani hakuinua hata uso.

"Mimi nafuata utaratibu tu, mama. Ndivyo nilivyoelekezwa na aliyenitangulia."

Sasa mtu kama huyo utamfanya nini? Alirudi chumbani. Kabati la dawa lilikuwa wazi, makopo yamejaa tele.

"Si ndizo hizo dawa?" fundi akauliza.

"Ndizo, mwanangu. Ila sasa hazitakusaidia. Nitakupima, nitakutibu mengine, lakini hilo la virusi itabidi tusubiri."

"Tusubiri nini?"

Mama Pole akafunga kabati.

Fundi akaitazama karatasi yake, akaikunja tena. "Jumamosi nilikaa benchi la hapo nje saa nzima, nikidhani labda mtu ataniuliza nina nini. Ukapita wewe na kikombe chako cha chai. Ukaniuliza habari, nikasema nzuri, ukaenda zako."