Maji Kutoka kwa Mzee Seok

Tak Geum-rye alikuwa mshonaji wa sanda. Kule Yeongdo, kwenye majengo makuukuu yaliyopandana mlimani juu ya bandari ya Busan, watu walimwita Mama Miran, kwa jina la bintiye, na kila mwenye mzazi mzee aliujua mlango wake. Alishona nguo za kuzikwa za katani kwa mtindo wa zamani: suruali, joho, soksi, mpaka kifuniko cha uso, bila fundo hata moja kwenye uzi, kwa kuwa marehemu hatakiwi kufungwa na kitu. Siku hizi watu wananunua za mashine palepale kwenye nyumba za mazishi, kwa hiyo kazi ilikuwa imedorora. Lakini seti moja hakuwa tayari kuiuza kwa yeyote. Ilikuwa yake mwenyewe. Kitambaa chake kilifumwa kwa mkono na mama mkwe wake, naye akakishona kwenye mwezi wa nyongeza wa kalenda ya zamani, ule ambao miungu haichungulii mambo ya watu.

Mwaka mpya ule alikwenda Ulsan kwa bintiye. Aliporudi na kufungua mlango, harufu ndiyo iliyompokea. Karatasi ya dari ilikuwa imelegea, imetuna kama tumbo la mbuzi mwenye mimba, na maji yalikuwa yakitiririka kimyakimya ukutani, yakiingia nyuma ya kabati. Akalifungua. Vitambaa vya wateja, nyuzi, mto wake wa sindano, vyote chapachapa. Ile seti yake ilikuwa chini kabisa. Alipoikunjua, ilikuwa na ukungu mweusi tangu kola hadi pindo.

Aliyeishi juu yake alikuwa Mzee Seok, mjane aliyewahi kuendesha winchi bandarini. Alihamia hapo kutoka Gimhae baada ya kumzika mkewe. Akipata samaki wa bangala wazuri sokoni humshushia wawili, naye Mama Miran humpandishia kimchi, kabichi ya kuchachua yenye pilipili. Siku hiyo alishuka kwa kandambili, akasimama mlangoni ameshika kichwa.

"Mama Miran, nimekuua."

"Bado hujaniua. Umeanza na nguo."

"Ni lile bomba la maji ya kupasha sakafu moto. Limeoza. Nilikuwa naona moto haupandi, nikadhani ni uzee wangu." Kisha uso ukamchangamka kidogo. "Lakini usihofu. Nina bima! Wakala aliniambia, mzee, ukimharibia jirani kwa maji, sisi tunalipa. Nimelipia miaka yote, sijawahi kuruka mwezi."

Usiku ule, kwa ajili ya neno hilo, Mama Miran alilala usingizi.

Kampuni ikamtuma mkaguzi, kijana mpole kwa jina Pyo. Alipiga picha dari, ukuta, sakafu iliyoumuka. Alipofika kwenye zile nguo, akakwama.

"Bibi, hizi ni nini?"

"Sanda."

"Pole sana. Nani amefariki?"

"Ni zangu."

Kijana akamtazama, akatazama nguo, akashusha kamera. "Risiti ipo?"

"Nimeshona mwenyewe. Kitambaa kafuma mama mkwe. Nikamdai risiti kaburini?"

"Basi tuandike nguo za kawaida, zilizotumika."

"Zilizotumika? Mwanangu, hizi ukishazitumia huzirudishi!"

Mzee Seok, aliyekuwa amesimama pembeni, akacheka mpaka akakohoa. Pyo naye akacheka. Ilikuwa mara ya mwisho kwa watu hao watatu kucheka pamoja.

Majibu yalipotoka, Pyo alikuja mwenyewe badala ya kupiga simu, na kwa hilo Mama Miran alimheshimu. Akawakalisha wote wawili. Bima ya Mzee Seok, akasema, iliandikwa kwa nyumba ya Gimhae. Alipohama hakuwaarifu. Hii nyumba ya Yeongdo haimo.

"Lakini pesa mmepokea!" Mzee Seok akang'aka. "Jina ni langu, mikono ni ileile! Mimi nilijua bima inanifuata mimi."

"Inafuata nyumba, mzee. Iliyo kwenye mkataba."

"Mbona wakala hakuniambia?"

"Wakala huyo alishaacha kazi. Na mkataba unasema, mzee. Imeandikwa humo."

Mama Miran alimwona Mzee akiyatazama magoti yake mwenyewe.

Mama Miran akabaki na bima yake mwenyewe, ile aliyoikata siku alipokopa benki kununua nyumba. Alipiga simu. Msichana wa huko akamweleza kwa adabu kwamba hiyo ni ya moto peke yake. Kama nyumba ingeungua, wangemsaidia.

Bintiye alipopata habari, alimpigia Mzee Seok akamtukana, akamwita tapeli mzee. Mama Miran alipomgombeza, Miran akapandisha sauti: "Mama, unamwonea huruma mtu aliyekuharibia nyumba! Mshtaki!" Basi Mama Miran akaenda kwenye ofisi ya wanasheria wa bure, akapanga foleni. Mwanasheria, mwanamke mwenye miwani na mafua makali, alisikiliza yote.

"Utashinda, mama. Kesi nyepesi hii."

"Halafu?"

"Nimeangalia kwenye sajili, nyumba yake ameiweka rehani. Mwanawe alikopea duka la kuku wa kukaanga, duka likafa. Ikiuzwa, benki inachukua kwanza."

"Kisha mimi?"

Mwanasheria akapenga kamasi. "Kisha hakibaki kitu, mama."

Alirudi nyumbani kwa miguu, akazitia zile nguo kwenye mfuko wa taka. Alikuwa amejaribu kuzifua, katani ikachanika mikononi mwake kama karatasi iliyolowa.

Jambo la ajabu ni kwamba dari liliacha kuvuja. Kwanza alifurahi. Baadaye, baridi ilipozidi na madirisha yakaota barafu kwa ndani, akang'amua: Mzee hakuwa na uwezo wa kuvunja sakafu atengeneze bomba, kwa hiyo alikuwa ameuzima moto wa sakafu. Dari likikauka, maana yake juu kuna mtu anaganda. Akapanda. Mzee alimfungulia akiwa amevaa koti na kofia ya sufu, pumzi ikimtoka kama moshi.

"Washa, mzee. Nitaweka beseni."

"Siwashi."

"Washa nasema! Nyumba yangu imeshaharibika, itaharibika mara ngapi?"

"Mama Miran, niachie angalau hili." Akaufunga mlango taratibu.

Tangu hapo, akimsikia kwenye ngazi, Mzee aligeuka akapanda tena. Bangala hawakushuka. Kimchi aliyomwachia mlangoni ilikaa hapo mpaka ikaganda.

Kabla majira hayajageuka, Mzee Seok akashikwa na homa ya mapafu. Mwanawe akaja, mtu mzima aliyeinamisha kichwa kwa kila jirani aliyekutana naye, akampeleka hospitali, kisha kwenye nyumba ya kutunzia wazee ng'ambo ya daraja. Nyumba ikapigwa mnada na benki. Hakutokea mnunuzi. Nani anunue sakafu iliyooza?

Mama Miran alikwenda kumtazama na mfuko wa machungwa madogo. Mzee alipomwona akaanza kuhangaika kutoka kitandani. Alitaka kushuka apige magoti. "Dari," akasema, "lile dari." Muuguzi alimrudisha, akamlaza, naye akajaribu tena. Aliendelea hivyo mpaka Mama Miran akatoka chumbani. Kwenye korido muuguzi akamfuata.

"Samahani bibi, wewe ni nani wake?"

"Jirani."

"Naona ni bora usije. Ukija, anaumia."

Aliacha machungwa, akatoka kusubiri basi. Simu ikalia. Ni kampuni ya bima, sauti ya msichana, nyuma yake sauti za wasichana wengine wengi. Wangependa kujua, kuanzia moja mpaka kumi, ameridhika kiasi gani na huduma ya mkaguzi wao.

"Yule Pyo? Hakuwa mtu mbaya."

"Kwa namba, bibi."

"Basi andika unayoitaka."

"Siruhusiwi kuchagua mimi, bibi. Lazima uitaje wewe."

Basi likafika. Mama Miran akakata simu, akapanda, akakaa upande wa dirisha. Siku hizi analala jikoni, kwa kuwa ndiko dari lilikosalia zima, na mashine ya kushonea ameiegemeza kwenye jokofu. Wateja wakipiga, anawaambia hashoni tena.