Sebule Iliyonukia Mkaratusi

Miaka ya tisini, wifi yangu wa Ruring'u alisoma katika gazeti la Wazungu kwamba majani yakianza kupukutika, mwanamke mstaarabu huyeyusha nta yenye manukato asilia ili sebule inukie. Nyeri majani hayapukutiki. Julai huja na baridi na ukungu, basi. Lakini wakwe watarajiwa walikuwa wanakuja kumwona binti yake, na alitaka wakute nyumba ya watu wa maana.

Nta nilimnunulia mimi, sokoni Karatina, kwa mwuza asali niliyebishana naye mpaka akaniongezea bonge la pili ili ninyamaze. Wifi akaiyeyusha, akatia majani ya mkaratusi aliyoyaponda, akaimimina katika vibati vya keki.

"Mkaratusi si ule wa kujifukiza mafua?" nikamuuliza.

"Ni asilia," akasema, kama anayemfundisha mbuzi kusoma.

Wageni walipofika, vibati viwili vilikuwa vikichemka juu ya jiko la makaa pale sebuleni. Shangazi ya kijana akasimama mlangoni, akanusa, akafunika pua kwa leso.

"Poleni. Ni nani anajifukiza?"

"Hakuna mgonjwa hapa," wifi akasema.

"Usitufiche, mama. Ama ni kifua cha msichana?"

Msichana, aliyekuwa akipuliza lile jiko tangu asubuhi, akakohoa.

Chai waliinywa uani, kwenye manyunyu, wamesimama. Walipoaga walisema watarudi akipona, na wifi akaniuliza kama mwuza asali wangu hukubali kurudishiwa nta.