Mashati ya Rangi ya Majani

Mama Hidaya, mushonaji ninayefanya kazi naye hapa Kasongo, ana desturi moja inayowaudhi wachuuzi wa vitambaa. Mutu akimuletea nguo akisema, "Mama, hii iko pamba safi," yeye haitikii. Anageuza kitambaa, anavuta uzi mumoja, anauchoma kwa kiberiti mbele ya mwenye mali. Uzi ukigeuka majivu, ni pamba. Ukijikunja kuwa kidonge kigumu, anamurudishia kitambaa chake bila kelele. Wachuuzi wanakasirika, eti mama huyu hana imani na watu.

"Watu ninawaamini," anawajibu. "Ni uzi tu ndio ninauchoma."

Anashona nguo za masomo, sare za shule, tangu bwana yake alipokufa, miaka ishirini na sita sasa. Shati jeupe, sketi ya bleu, suruali ya bleu. Nusu ya muji huu imesoma ndani ya mishono yake. Yeye mwenyewe hakupita darasa la sita. Nasema hilo makusudi, kwa sababu wale walioniletea balaa wana diploma zimetundikwa ukutani.

Basi nisikilizeni, na mukiona ninapandisha sauti, muniache nipandishe. Ilikuwa mwezi wa munane, tumezama katika nguo za kufungua mwaka wa masomo. Kabla ya saa nne asubuhi simu yangu ililia mara tano. Watu watano, picha moja. Watoto watatu wa masomo wamekaa kando ya lami wanalia, kando yao pikipiki nyekundu na gunia kubwa, na mwanaume amelala kifudifudi. Chini yake maneno: "Motari wa Kasongo anaiba watoto, anawapeleka kuwauza Salamabila. Pikipiki nyekundu. Watumie wote unaowapenda."

Unaowapenda! Hebu ona ujasiri wa mutu!

Bwana yangu Asani ni motari. Pikipiki yake ni nyekundu. Kila juma anapakia chumvi na sabuni, anapita Wamaza, anafika Salamabila kwa wachimba zahabu, anarudi amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Nitasema na aibu yangu: hata mimi, muke wake wa miaka kumi na mumoja, niliangalia lile gunia katika picha nikajiuliza jana alipakia nini. Chumvi! Kamba nilifunga naye mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii!

Sijamaliza kujiuliza, jirani akaingia anahema. "Aicha, kimbia! Wanamuua bwana yako kwenye kituo cha pikipiki!"

Niliangusha mukasi. Mama Hidaya akanishika mukono. "Lete hiyo simu," akasema, akavaa miwani yake. Nilimuvuta, nililia, nilimwambia watamumaliza. Hakusogea. "Nikienda bila kuangalia, nitafika kulia tu kama weye. Ngoja." Akaangalia kidogo, akanyakua shati moja juu ya meza, tukakimbia.

Asani alikuwa amekaa chini, mikono imefungwa na ukanda wa mupira wa gurudumu, sikio limechanika, damu mpaka kifuani. Kijana mumoja alishika jerikani la esansi ya kumuchomea. Na mbele yao Magloire, huyu anayechaji simu za watu, mwenye grupu la simu la watu mia mbili, anasoma yale maneno kwa sauti kama anahubiri. Asani aliponiona alisema tu, "Aicha, waambie." Niwaambie nini, Mungu wangu?

Mama Hidaya alimwendea Magloire. Hakupiga kelele.

"Magloire, nguo zako za masomo ulishonewa na nani?"

"Na weye, mama. Lakini leo..."

"Zilikuwa rangi gani?"

"Nyeupe na bleu. Mama, huyu mutu..."

"Na hawa watoto wa picha yako wamevaa nini? Kuza picha. Kuza, niko nangoja."

Akakuza. Mashati ya watoto yalikuwa na mistari ya rangi ya majani, na kola ya rangi ya majani. Mama Hidaya akaweka shati lake jeupe juu ya kifua cha Magloire.

"Miaka ishirini na sita ninakata nguo za masomo. Toka hapa mpaka Kabambare, munitajie masomo moja inayovaa mistari hiyo. Na mwezi huu watoto wako ku masomo, ama wako ku vakansi? Na hii lami yenye mustari mweupe katikati, iko kwenye njia gani ya Salamabila? Munionyeshe, nami niipite kabla sijakufa."

Watu wengine wakacheka. Walicheka! Bwana yangu anatoka damu, wao wanacheka lami ambayo njia yetu haijaiona!

"Musicheke," akasema. "Nipeni jina la mutoto aliyepotea. Jina la mama yake. Avenue gani analia?"

Kila mumoja alimwangalia mwenzake. Watu zaidi ya hamsini, na hakuna hata mumoja aliyekuwa na jina. Walitaka kumuchoma baba wa watoto wangu kwa ajili ya mutoto asiye na jina, asiye na mama, asiye na nyumba!

Walimufungua. Mumoja akamupangusa vumbi mabegani, akasema, "Pole ndugu, tulifikiria ni weye." Pole! Walifikiria! Ndicho kitu walichokosa kufanya tangu asubuhi.

Mama Hidaya akamwambia Magloire atume ukweli katika grupu lake, palepale. Munajua alijibu nini? Mega za intaneti zimekwisha. Za kutuma uongo zilitosha watu mia mbili, za kutuma ukweli zimekwisha. Kesho yake nilimukuta anaangalia mupira kwenye simu ileile.

Na ile picha haikungoja mega za mutu. Siku tatu baadaye muteja wetu wa Wamaza, Bulaimu, alipiga simu: "Asani, usipite huku. Vijana wameweka baria njiani, wana ile picha, wanatafuta pikipiki nyekundu." Basi pikipiki ikalala ndani ya nyumba. Asani akakaa mulangoni, anashika sikio lake. Ile njia ndiyo shamba letu, na uongo ulikuwa umeifunga. Majirani walipita wakimusalimia vizuri, tena kwa tabasamu, na wote walikuwa wametuma ile picha. Nilitamani kuwamwagia maji ya vyombo.

Juma lililofuata Mama Hidaya alikuja asubuhi na mufuko wake. Mama huyu maisha yake yote hajapanda pikipiki, anaiogopa kuliko nyoka. "Asani, toa hicho chuma chako," akasema. "Tunaenda Wamaza." Asani akakataa. "Mama, watakuumiza na weye." Akamujibu, "Basi watuumize pamoja, lakini kwanza watajibu maulizo yangu."

Tulipanda watatu. Njia nzima alinikaba kiuno huku anasoma dua, kila shimo dua mpya.

Baria ilikuwa muti umelazwa njiani. Vijana saba wakatoka na fimbo, mukubwa wao ameinua simu. Asani akazima pikipiki. Mama Hidaya akateremuka, akatoa shati jeupe na sketi ya bleu, akavitandika juu ya ule muti. Akauliza yaleyale, mumoja mumoja: nguo, lami, vakansi, jina la mutoto. Yule mukubwa aliangalia picha, akaangalia shati, akaangalia picha tena. Fimbo zikashuka.

"Tusamehe, mama," akasema. "Sisi hatukujua."

"Hamukujua," Mama Hidaya akasema huku anakunja shati lake. "Lakini mulituma. Sasa munajua. Mutume na ukweli."

Kijana akaangalia simu yake, akafungua kinywa. Nilijua atasema mega. Nikamushika Asani kichwa, nikamugeuza, nikamuonyesha kijana lile sikio.

Akafunga kinywa, akatuma.