Kabichi Ndani ya Jani la Mgomba

Harufu ya kabichi iliyooza hunirudisha kwa bibi. Siku moja aliifunga kabichi ya shambani kwake ndani ya jani la mgomba, pamoja na viwavi walioiharibu, tukatembea kwenye mvua kutoka Suma hadi duka la pembejeo Tukuyu, ili muuzaji ajionee mwenyewe na kutushauri dawa. Yule bwana hakuinua hata macho kwenye gazeti lake.

"Toa uchafu wako hapa!"

Njiani tukirudi, bibi alinung'unika: "Mvua haisikii, viwavi hawasikii, na huyu naye hasikii."

Leo mama mmoja, amelowa chapachapa, ameweka jani la mgomba kwenye kaunta ya duka langu la pembejeo, akaniomba radhi kwa uchafu.

Nikaweka simu pembeni.

"Fungua, mama. Nionyeshe."