Skrubu Mbili za Mashine ya Kambo

Mwezi uliopita nilirudi Kapata, mtaa wetu wa Kolwezi, baada ya miaka mingi, na kabla sijaifikia nyumba yetu ya zamani nilimkuta kijana wa pikipiki kando ya barabara, amefungua kabureta na kuilaza juu ya kitambaa. Harufu ya petroli ilipanda pamoja na joto la udongo mwekundu. Nilisimama. Wewe unajua jinsi harufu inavyoweza kumshika mtu mkono ikamrudisha alikotoka. Mimi siku hiyo nilirudi kuwa msichana wa miaka kumi, nimekaa juu ya gunia la mahindi, nyuma ya nyumba ya bibi yangu.

Bibi tulimwita kambo, kama watoto wote wa huko. Alikuwa na mashine ndogo ya kusaga aliyoachiwa na marehemu babu, ikiendeshwa na injini ya petroli iliyokuwa na ukubwa wa mtungi tu. Mchana kutwa ilinguruma, unga ukielea hewani mpaka nyusi za akina mama zikawa nyeupe, nami nilisinzia katikati ya kelele ile kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Jioni tulikula bukari, yaani ugali, ya unga huohuo, na sombe ya majani ya muhogo yenye mafuta ya mawese.

Aliyeitunza mashine alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya ua. Baba yake aliletwa kutoka mkoa wa Kasai kufanya kazi ya mgodi, lakini yeye alizaliwa Kolwezi, akasoma Kolwezi, akafanya kazi katika gereji ya mgodi mpaka kazi zilipoanza kufa moja moja. Alifungua kabureta taratibu, kama mtu anayemvua nguo mtoto mgonjwa. Kila skrubu aliiweka kwenye kopo la sadini kwa mpangilio wake. Aliniambia kwamba chuma cha kabureta ni laini, na ukikilazimisha kinaliwa.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya tisini, ukaja msimu wa kufukuzana, wanasiasa wakiwachochea wenyeji dhidi ya waliotoka mikoa mingine. Watu wenye asili ya Kasai, tuliosali nao benchi moja, wakaitwa wadudu na kuambiwa warudi kwao. Alasiri moja vijana wenye fimbo waliingia mtaani kwetu. Jirani, mkewe na watoto wao walitoka na godoro moja na sufuria, wakaenda kungoja treni stesheni, ambako umati ulikuwa umelala nje kwa siku nyingi.  Kesho yake kambo alianza kusaga mahindi waliyochanga akina mama wa parokia, na kila siku tulipeleka unga stesheni, beseni kichwani. Wapo waliotutazama vibaya njiani. Aliwasalimia, akapita.

Juma la tatu mashine ilikohoa, ikanyamaza. Petroli ya siku hizo ilikuwa imechanganyika na maji. Mjomba wangu alijaribu kuifungua kabureta kwa hasira, bisibisi ikateleza na kuteleza mpaka vichwa vya skrubu mbili vikawa laini, havina tena pa kushika. Akataka nyundo na patasi. Kambo akamzuia, kwa sababu kabureta nyingine isingepatikana Kolwezi nzima, na kule stesheni watoto walikuwa wanangoja uji. Akamwambia aichomoe yote kwenye injini, kisha akaifunga ndani ya kitenge chake, akachukua bisibisi na chupa ya petroli, akanishika mkono.

Tulimkuta jirani ameketi kwenye lile godoro, karibu na reli, mkewe akimpepea mtoto. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa. Vijana wa fimbo walimpiga siku ile alipozuia mlango. Aliigeuza kabureta kwa mkono wa kushoto, akagusa skrubu zilizoliwa. Kisha akanitazama mimi.

"Mama, mi sina tena mukono," aliniambia, akiniita mama kama alivyozoea, kwa sauti ileile ya nyuma ya nyumba yetu. "Leo tutatumika na mikono yako. Mi nitakuambia."

Aliniagiza nidondoshee petroli kila skrubu, tungoje. Tukangoja. Jua lilisogea polepole juu ya reli, mtu fulani akiimba wimbo wa kanisa kwa Kiluba cha Kasai, watoto wamelala kwenye vivuli vya mizigo. Baadaye akaomba kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Nikakilaza juu ya kichwa cha skrubu, nikakandamiza bisibisi juu yake, nikazungusha. Ya kwanza ikakubali, karibu bila sauti. Ya pili ikakataa. Kwa kipande cha msumeno wa chuma alichoazima kwa mwenzake, nilichora mfereji mpya kichwani mwa skrubu, nikagonga kidogo kwa jiwe. Nilipoanza kutumia nguvu, alinigusa bega.

"Usiiforse. Kwanza uifunge kidogo, njo uifungue."

Nikaifunga kidogo. Nikasikia kitu kikiachia ndani, kidogo sana. Nikageuza upande wa pili, ikatoka. Tulipoifunua kabureta, mle ndani mlikuwa na maji na vumbi jekundu. Akapuliza kibomba chembamba kinachopitisha petroli, mara moja, mara mbili, akakiinua kwenye jua ili nione nuru ikipita. Kambo alikuwa analia, amegeuza uso.

Kesho yake mashine iliwaka tulipovuta kamba mara ya pili. Tulisaga mpaka adhuhuri, tukapeleka unga. Mahali pa godoro palikuwa na watu wengine. Treni ilikuwa imeondoka asubuhi. Kambo alisimama kidogo, kisha akawapimia unga watu wale waliokaa pale, na akaendelea kuwapimia waliofuata, mpaka stesheni ikabaki tupu. Habari za jirani hatukuzipata tena.

Leo kambo amelala makaburini, na king'ora cha mgodi kilichogawa siku zetu hakilii. Lakini nikiulizwa ni nini hasa kilichopotea, naikumbuka Jumatatu ile shule yetu, iliyofungwa kwa vurugu zile, ilipofunguliwa tena. Mwalimu wetu alifungua daftari la majina, akaanza kuita. Aliita jina, akangoja. Aliita jingine, akangoja. Kabla hajafika mwisho alilifunga daftari, akatuambia tutoke tukacheze. Tulitoka uani, tukasimama tukitazamana. Hatukutosha kwa mchezo wowote tulioujua.