Fomu Yenye Doa la Oili

"Tantine Yolande, kwa nini umeitundika karatasi chafu ukutani?"

Nilikuwa na miaka minane. Tulipanga nyumba moja ya zamani ugenini, mtaa wa Bellevue, chumba chake na chetu ukuta mmoja. Karatasi ilikuwa ndani ya fremu, pale wengine wanapoweka picha ya harusi.

"Subiri ukue," alinijibu.

Mengine alinisimulia mama. Tantine, yaani shangazi, kama nilivyomwita kwa heshima, Mrundi mwenzetu, alikuwa mlinzi wa geti kwenye uwanja mdogo wa ndege. Hapo kuna kikundi cha marubani wa kujitolea wanaopeleka madaktari vijijini bure. Alijaza fomu ya kujiunga, akampelekea mkuu wao, mzee anayeitwa Kapteni. Kapteni akachomoa kijiti cha kupimia oili kwenye injini, akakifuta kwa ile fomu, akaitupa chini.

"Wewe fungua geti, mama." Wenzake wakacheka.

Hakulia. Aliiokota, akaitia kwenye fremu. Mchana akalinda, jioni akashona sare za shule, na kila alichopata kikaishia kwenye masomo ya urubani. Miaka ikapita; mwaka huu akapata leseni. Kikundi kilipungukiwa na marubani, wakakubali apimwe. Lakini mpimaji ni Kapteni, na bila sahihi yake kwenye fomu huingii.

Jumamosi ya kupimwa nilimsindikiza. Wanakikundi wote walikuwepo. Kapteni mwenyewe alikuwa ameijaza ndege mafuta jana yake, kisha mvua ikanyesha.

"Panda! Au mtu wa geti anaogopa?"

"Bado." Tantine akakinga kikombe cha plastiki chini ya bawa, akafungulia mafuta kidogo, akakiinua juani. Mafuta yale ni ya bluu. Chini yake yalikaa maji. Maji yakifika kwenye injini, inazimika angani.

"Nani alifunga kifuniko cha tangi?" akauliza kwa upole. Alijua. Miaka yote getini alimwona Kapteni akiviacha vifuniko vimelegea.

Akakinga tena. Na tena, polepole makusudi, akimpitishia kila mmoja kikombe aone. Eish, masikio ya Kapteni yalivyokuwa mekundu!

Maji yalipokwisha wakaruka. Alitua taratibu, gurudumu halikuruka hata kidogo. Tantine akatoa kwenye mkoba ile fomu yenye doa, aliyoichomoa kwenye fremu asubuhi ile.

"Nitakupa nyingine, safi," Kapteni akasema.

"Hii hii."

Wenzake walikuwa wakitazama. Kapteni akainama, akatia sahihi.

Tukirudi nyumbani nikamuuliza Tantine tena, sasa nina miaka kumi na sita: kwa nini aliitundika miaka yote ile?

"Ili nisije nikamsamehe kabla hajatia sahihi juu ya uchafu wake mwenyewe."