Mpishi wa Gongoni Aliyevuta Mashua Uholanzi

Nilikuwa stesheni ya Tura nangoja treni ya kurudi Tabora, karani wa pale aliponiambia kwamba yule mpishi wa mtaa wa Gongoni hatunaye tena. Nilifika mjini wameshamzika, nikakaa matangani nikisikiliza watu wakiusifia mchuzi wake. Mchuzi ulikuwa mzuri, sikatai. Lakini mimi, wasomaji wangu, namkumbuka kwa safari, maana katika Unyamwezi wote ndiye mtu pekee niliyemjua aliyeikatiza Uholanzi kwa mashua.

Bwana wake, Mholanzi aliyekuwa akinunua nta hapa Tabora, alikwenda likizo kwao akamchukua ampikie. Huko bwana huyo alikuwa na mashua ya kutembelea, yenye tanga, injini na vitanda ndani, wakamaliza miezi yao ya joto wakipita mito na mifereji. Mpishi aliporudi alinisimulia barazani kwangu nikacheka mpaka machozi: ati malisho yako chini kuliko maji, mashua inapita juu na ng'ombe wanakutazama kutoka bondeni, ati daraja zima huinuliwa ili mashua ipite, na wenye baiskeli wanangoja bila kugombana, ati mashua hufungiwa baina ya milango miwili, maji yakajazwa, ikapanda kama maziwa jikoni. "Wewe unanicheka," akasema, "lakini angalau unasikiliza. Baba hataki hata kusikia."

Hapo ndipo palipomuuma. Baba yake alikuwa mpagazi wa zamani, amebeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi pwani, na kwa watu wa rika lake mwanamume ni yule aliyekwenda kwa miguu yake akarudi. Mwanawe alipomwamkia shikamoo, mzee aliitikia marahaba, basi. Pole na safari, ambayo hata mchuuzi aliyetoka Nzega huambiwa, hakuitoa. "Pole ya nini?" alituuliza. "Si alikaa akabebwa na maji?" Miezi ikapita hivyo. Jamaa yangu aliumia sana, akakosa hata hamu ya kula, yeye mpishi.

Siku moja tulikwenda wote wawili kumjulia hali mzee. Maongezi yalipokwama nikamwuliza jamaa yangu, ili tu tusikae kimya, je, mashua ile ikiharibika njiani? Akasema iliwahi kuharibika. Injini ilikufa na upepo hakuna, akajitia kamba begani, akatembea ukingoni akiivuta mchana kutwa, bwana ameshika usukani, mvua ya baridi inawapiga. Hakuwa ameyasema kabla ya siku hiyo kwa kuona aibu, mtu mzima kuvuta kama punda. Mzee akainua kichwa.

"Uliimba?"

"Niliimba, baba. Nyimbo zenu za njiani."

Mzee akanyoosha mkono, akampapasa bega kwa muda. "Pole na safari, mwanangu," akasema. Jamaa yangu alilia, nami nikatazama nje.

Siku hizi vijana wetu wanashuka treni na masanduku na tai shingoni, nasi tunasema hawa hawajui taabu. Nani amewauliza? Njia ya wapagazi imeota majani, naikumbuka kwa huzuni, lakini mizigo haijakwisha. Anayerudi kutoka masomoni au mgodini anao wake, na pengine anauficha kwa kutuonea haya. Tuwaulize, kisha tuwape pole yao mapema. Marehemu aliniambia kwamba kungoja lile neno moja la baba yake kulimchosha kuliko kamba.